Mkanda Usioteleza: Kisa cha Nakala ya Benz ya 1886 Iliyokwama Mlimani

Kisa kwa ufupi

Kikundi cha watu wa kujitolea kusini mwa Ujerumani kinatunza nakala ya Benz Patent-Motorwagen, lile gari la magurudumu matatu ambalo Karl Benz aliliombea hataza tarehe 29 Januari 1886. Kikundi kilialikwa kuliendesha kilomita 12 kwenye barabara iliyofungwa, mbele ya watazamaji. Ili lisiwaaibishe, wakabadilisha vitu viwili: mkanda na mafuta. Gari likakwama kwenye mwinuko, mnyororo wa kushoto ukatoka, kisha likarudi nyuma huku dereva amevuta breki mpaka mwisho. Hakuna aliyeumia. Majina, mji, mwaka na karakana vimeondolewa. Vipimo vya gari na hesabu vimebaki.

Gari lenyewe

Bila kujua nguvu inavyosafiri ndani ya gari hili, mengine yote hayaeleweki, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Injini imelazwa nyuma, chini ya kiti. Ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 90, na pistoni inakwenda milimita 150, jumla sentimita za ujazo 954. Nguvu yake ni farasi 0.75, yaani kilowati 0.55, kwa mizunguko 400 ya dakika moja. Bodaboda ya kawaida ya siku hizi ina nguvu zaidi ya mara kumi ya hiyo. Gari tupu lina kilo 265 hivi, na kama kilo 100 kati ya hizo ni injini. Mwendo wake wa juu ni kilomita 16 kwa saa.

Flaiwili, lile gurudumu zito la kutunza mwendo wa injini, ni kubwa na imelala kama sinia. Benz aliogopa kwamba ikisimama wima, mzunguko wake ungesumbua usukani. Kutoka kwenye klenki (shafti ya injini), gia za pembe zinageuza mzunguko na kuupeleka kwenye puli, kisha mkanda bapa wa ngozi unaupeleka kwenye shafti ya kati iliyo chini ya kiti. Shafti hiyo ina puli mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu. Moja ni tupu, inazunguka bila kufanya kazi. Ya pili ni puli ya kazi, na ndani yake mna difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma. Kila mwisho wa shafti una spoketi, na kila spoketi ina mnyororo wake unaokwenda kwenye gurudumu la nyuma la upande huo.

Hakuna klachi wala gia ya kubadilisha, na rivasi haipo. Dereva ana mkono mmoja wa chuma ubavuni. Akiusukuma mbele, mkanda unahama kutoka puli tupu kwenda puli ya kazi na gari linaondoka. Akiuvuta nyuma, mkanda unarudi puli tupu. Akizidi kuvuta, breki inaibana puli ya kazi. Msomaji akumbuke hapo: breki haigusi magurudumu. Inakamata shafti ya kati, na kutoka hapo ni minyororo ndiyo inayoyashika magurudumu.

Kabureta ni kopo tu. Petroli imetulia ndani, hewa inapita juu yake na kubeba mvuke kwenda kwenye silinda. Hakuna jeti wala tundu la kunyunyizia. Maji ya kupoza nayo hayana rejeta. Yanachemka kuizunguka silinda na kupotea kama mvuke, sawasawa na zile injini za zamani za mashine za kusaga nafaka zenye sanduku la maji juu.

Gari la asili liko Deutsches Museum mjini Munich tangu 1906 na halitoki kwenda kuzurura barabarani. Ndiyo maana nakala zipo. Hii inayozungumzwa ilitengenezwa na karakana binafsi kwa kufuata vipimo vya Modeli ya kwanza, na ilitofautiana na ya asili kwenye umeme tu: ilikuwa na koili ya kisasa na betri ndogo kavu, badala ya betri za tindikali za wakati ule. Hivyo ndivyo wahusika walivyoamini. Uchunguzi ulikuja kuonyesha tofauti nyingine.

Hali ilivyokuwa kabla

Kwa miaka kadhaa gari lilikuwa likiwashwa mara mbili tatu kwa mwaka, kwenye uwanja tambarare, dakika kumi kila mara, dereva akiwa peke yake. Lilifanya vizuri. Mafuta yalikuwa petroli nyepesi ya dukani, ile ya kusafishia, inayochemka kati ya nyuzi 60 na 95 hivi, iliyouzwa kwa chupa za lita moja.

Mwaliko ulipokuja, wakalijaribu wiki nane kabla, kwenye njia ya kilomita 2 yenye mteremko na mwinuko mdogo. Malalamiko yakawa mawili. La kwanza: mkanda unateleza wakati wa kuondoka, na kwenye mwinuko unalia kabisa. La pili: baada ya dakika kama kumi na tano injini inachoka, mizunguko inashuka, na kuongeza au kupunguza hewa kwa kitasa cha chini ya kiti hakusaidii sana.

Yote mawili ni ya kweli na yana sababu. Kosa halikuwa kuyaona bali kuyatibu kabla ya kuyauliza yametoka wapi.

Maamuzi ya kwanza na sababu zake

Mkanda wa ngozi ulitolewa. Ukawekwa mkanda bapa wa kisasa, wenye uti wa nailoni na uso wa mpira, uliogundishwa ncha kwa ncha bila kiungo kinachoonekana. Upana ulibaki uleule, na juu ukapakwa rangi ya kahawia ili mtazamaji asitambue. Hoja ya fundi ilikuwa nyepesi: nguvu yenyewe ni farasi 0.75, kwa nini sehemu yake ipotelee kwenye mkanda?

Mafuta nayo yakabadilishwa. Kwa kilomita 12 na majaribio yake walikadiria watahitaji lita tano au sita, na chupa za dukani zilikuwa ghali. Wakajaza petroli ya kituo cha mafuta, yenye ethanoli hadi asilimia 10. Mtu mmoja alikumbusha kuwa Bertha Benz mwenyewe, mke wa Karl, Agosti 1888, alipokwenda Mannheim hadi Pforzheim na wanawe Eugen na Richard, alinunua mafuta dukani kwa mfamasia wa Wiesloch. Akajibiwa kuwa mfamasia alikuwa na ligroini kwa sababu vituo vya mafuta havikuwapo, kwa hiyo leo hakuna haja. Jibu lilionekana la busara. Ligroini, hata hivyo, ni petroli nyepesi, karibu sana na ile ya chupa waliyokuwa wanaiacha.

Minyororo, spoki na breki havikuguswa. Vilikaguliwa kwa macho, vikaonekana vizima.

Jaribio la pili, wiki tatu kabla ya siku yenyewe, liliwapa moyo. Gari liliondoka kwa nguvu kiasi cha kumrusha abiria nyuma ya kiti. Mara mbili injini ilizima dereva aliposukuma mkono kwa haraka. Wakamwambia asukume taratibu. Mnyororo wa kushoto ulisikika ukigonga, wakaupaka grisi.

Siku ya maonyesho

Asubuhi hewa ilikuwa nyuzi 11. Gari liliwashwa kwa utaratibu wa kawaida: vikombe vya oili vikajazwa na matone yakahesabiwa, maji yakajazwa hadi juu, mafuta yakafunguliwa, swichi ya koili ikawashwa, kisha flaiwili ikazungushwa kwa mkono. Kwa hili la mwisho neno moja kwa atakayejaribu: viganja viwe wazi juu ya ukingo, vidole visiikumbatie flaiwili wala kuingia katikati ya mikono yake. Injini ikirusha nyuma, kiganja kinateleza. Kidole kilichoshika kinakwenda nayo.

Kilomita tatu za kwanza, barabara tambarare, watu wawili kitini, mambo yalikwenda vizuri. Karibu na kilomita ya nne injini ikaanza kukohoa. Dereva akapunguza hewa ili mchanganyiko uwe mzito, ikatulia kidogo, ikadhoofika tena. Kopo la kabureta lilikuwa baridi na limetota umande kwa nje.

Kilomita ya tano ina mwinuko wa mita 400, wastani asilimia 3, yaani kila mita 100 unapanda mita 3. Gari likapanda mita 60 hivi kwa kasi liliyokuja nayo, likapungua. Abiria akashuka. Dereva akarudisha mkanda kwenye puli tupu, akasubiri injini ishike mizunguko, kisha akasukuma mkono mbele kwa mara moja ili aitumie nguvu ya flaiwili.

Mshtuko ukapita wote. Mnyororo wa kushoto uliruka kwenye spoketi, ukajikunja kati ya gurudumu na fremu, ukakata spoki tatu, ukaanguka. Injini ikazima. Dereva akavuta mkono nyuma hadi mwisho: breki ikashika puli barabara, na gari likaanza kurudi nyuma. Lilikwenda mita nne hivi kabla ya msaidizi kutupa kipande cha gogo nyuma ya gurudumu la kulia.

Gogo hilo halikuwa kwenye mpango. Lilikuwa kwenye trela kwa kazi nyingine na msaidizi alilibeba kwa mazoea tu. Utingo yeyote wa lori asingehitaji kuambiwa.

Uchunguzi

Gari lilifunguliwa siku iliyofuata. Ya muhimu ni haya.

*Minyororo.* Wa kulia ulikuwa na ulegevu wa milimita 18 katikati, sawa kabisa. Wa kushoto, vipimo vya siku chache kabla vilivyokuwa vimeandikwa kwenye daftari bila kufanyiwa kazi vilionyesha milimita 35. Spoketi ya mbele na ya nyuma upande huo hazikuwa kwenye mstari mmoja. Zilipishana milimita 4 kwa sababu mhimili wa nyuma ulikuwa umesogea kwenye kabari zake. Kwa mkanda wa ngozi, kasoro hii iliishi bila kujulikana.

*Mkanda.* Haukuwa na alama hata moja ya kuteleza. Ulikuwa mzima kabisa.

*Mafuta.* Yaliyobaki ndani ya kabureta yalipimwa kwa haidromita, kipimo cha uzito wa kimiminika. Petroli iliyotiwa asubuhi ilikuwa na kilo 0.74 kwa lita. Iliyobaki ilikuwa 0.78. Chepesi chote kilikuwa kimekwenda, kizito kimekaa.

*Joto la kabureta.* Hii ndiyo tofauti ambayo hakuna aliyeijua. Kwenye nakala hii kuna kibomba cha kupitisha sehemu ya moshi wa ekzosi chini ya kopo la kabureta ili kulipasha. Kilikuwa kimezibwa kwa kizibo cha shaba kilicholehemiwa vizuri, bila maandishi popote. Pengine mtu aliogopa moto karibu na petroli, na hofu hiyo si ya kijinga. Lakini hakuandika.

Maamuzi ya pili

Mapendekezo yaliyoletwa mezani yalikuwa mengi, na baadhi yalikuwa ya kishawishi: mota ndogo ya umeme iliyofichwa, kabureta ya pikipiki ndani ya kopo la asili, silinda yenye kipenyo kikubwa zaidi. Moja lilizingatiwa kwa uzito: kupunguza puli ya injini kwa asilimia 20 ili gari liwe na mvuto zaidi mlimani. Kabla ya kukata chuma, mtu mmoja akapiga hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyoamua.

Farasi 0.75 kwa mizunguko 400 ni msokoto wa nyutoni-mita 13 hivi. Magurudumu ya nyuma yana kipenyo cha milimita 1125, na kwa kilomita 16 kwa saa yanazunguka mara 75 hivi kwa dakika, kwa hiyo uwiano wote ni karibu 5.3 kwa 1. Ukikata asilimia 20 kwa msuguano wa gia, mkanda na minyororo, nguvu inayosukuma gari barabarani ni nyutoni 99. Hiyo ndiyo yote, iwe gari linakwenda kasi au polepole.

Gari na watu wawili ni kilo 415. Tairi za mpira mgumu kwenye lami zinahitaji takriban nyutoni 61 kuviringika tu. Zinabaki 38, na hizo zinatosha mwinuko usiofika asilimia 1. Kwenye asilimia 3, mahitaji ni nyutoni 183. Akibaki dereva peke yake, yanashuka hadi 150. Puli ndogo ingeipandisha 99 kuwa 124 na kuishusha kasi hadi kilomita 13. Isingetosha hata kwa mtu mmoja.

Pengo la nyutoni 50, kwa upande mwingine, ni mzigo ambao kijana mmoja anausukuma huku anapiga soga. Eugen na Richard walifanya kazi hiyo hiyo mwaka 1888, na gari lao la Modeli ya tatu lilikuwa na injini yenye nguvu kuliko hii. Baada ya safari ile Benz aliongeza gia ya mlimani, na mantiki yake sasa iko wazi kwenye karatasi.

Basi ikaamuliwa gari lisukumwe, na mpango wa siku uandikwe hivyo: abiria ashuke chini ya mwinuko, wasukumaji wawili washike fremu ya nyuma, si kiti wala spoki.

Mkanda wa ngozi ukarudishwa. Ulikuwa mpya, hivyo ulivutwa kwa mzigo mwepesi saa mbili, ukafupishwa, ukavutwa tena. Upande wa manyoya uliangalia puli, kwa kuwa unashika vizuri kuliko upande wa nyama. Kiungo kilichongwa kwa mshazari na kugundishwa, ncha yake ikielekea upande ambao puli inailaza badala ya kuichokonoa. Ulipakwa mafuta ya nyonyo kidogo sana kwa kitambaa. Unga wa rozini (utomvu mkavu wa msonobari) ulikataliwa: unanatisha kwa dakika chache, kisha uso wa ngozi unang'aa kama kioo na kupasuka.

Mhimili wa nyuma ulirudishwa kwenye mstari kwa kutumia uzi uliovutwa kutoka spoketi hadi spoketi, minyororo yote miwili ikawekwa ulegevu wa milimita 18, na spoki tatu zikabadilishwa pamoja na jirani zake mbili kila upande, kwani spoki ikikatika zilizo karibu zinabeba mzigo wake.

Kizibo cha kibomba cha joto kilitolewa na bomba lenyewe likajaribiwa kwa shinikizo la hewa kuona kama linavuja. Petroli nyepesi ikarudi. Kujaza kukawa nje tu, injini imepoa, na kizima moto cha unga kikakaa kwa mtu aliyetajwa kwa jina, badala ya kuachwa mahali fulani.

Kuhusu breki, walikubaliana jambo moja na kuahirisha jingine. Waliweka mti wa kuburuta: kipande cha mti mgumu chenye ncha ya chuma, kilichoninginizwa kwa bawaba chini ya mhimili wa nyuma, kinachoshushwa kabla ya mwinuko. Gari likirudi nyuma, ncha inajichoma barabarani na kulizuia. Kifaa cha namna hii kilikuwa kwenye magari ya farasi zamani, kwa hiyo hakiharibu sura ya gari. Hata hivyo, kimeandikwa kwenye kadi ya gari kuwa si cha Benz.

Matokeo

Safari ya pili, njia ileile, ilikuwa na nusu ya ushindi. Gari lilipanda miinuko yote mitatu likisukumwa, na mti wa kuburuta ulishushwa kila mara bila kuhitajika. Kabureta ilikaa vuguvugu na injini haikuchoka. Maji yalipungua kwa kasi iliyotarajiwa: hesabu ilisema lita 6 kwa saa, na kwenye vituo viwili zilijazwa jumla lita 7. Yalitumika maji ya mvua, kwa sababu maji magumu ya bomba yanaacha gamba ndani ya koti la silinda kila yanapochemka.

Kwenye kilomita ya kumi ikanyesha mvua nyepesi. Ngozi iliyolowa hurefuka. Mkanda ukalegea, ukateleza, na kwenye kilomita 10.5 gari likasimama bila kitu kuvunjika. Lilipakiwa kwenye trela. Baadhi ya watazamaji walisikitika. Karakanani, mkanda ulikaushwa polepole mbali na jiko, siku tatu, ukarudi kazini.

Uchambuzi

Tuanze na mkanda, kwa kuwa huko ndiko hukumu ya kwanza ilikokosewa. Kuteleza kwa ngozi kulionekana kama ugonjwa. Ukiutazama mfumo mzima, mkanda unaohama kutoka puli tupu kwenda puli ya kazi *ndio klachi*. Klachi nyingine haipo. Ngozi inapoteleza sekunde moja mbili, nishati ya flaiwili inaingia kwenye minyororo kidogo kidogo. Mwenye mashine ya kusaga anakijua kitu hiki: mahindi yakimwagwa kwa pupa, mkanda unapiga kelele au unaruka, na injini inapona. Mpira wenye uti wa nailoni uliiondoa sekunde hiyo. Mshtuko ukatafuta kiungo dhaifu kilichofuata, ukakikuta kwenye mnyororo wa kushoto wenye milimita 35. Dalili zilikuwapo wiki tatu kabla: injini kuzima mkono ukisukumwa haraka, na mnyororo kugonga. Zote mbili zilitafsiriwa kama makosa madogo ya dereva na ukosefu wa grisi.

Breki ndilo somo ambalo wengi huliruka, hata wanaolijua gari hili vizuri. Difu hugawa nguvu sawa kwa pande mbili, na upande mmoja ukiwa huru kabisa hakuna nguvu ya kugawa. Mnyororo wa kushoto ulipotoka, spoketi yake ilibaki inazunguka hewani. Breki ikaikamata puli, puli ikasimama kweli. Lakini gurudumu la kulia lilipoviringika nyuma, gia za ndani ya difu ziliizungusha tu spoketi ya kushoto upande wa pili. Breki ilifanya kazi yake yote na gari likaenda zake. Haikuwa kasoro ya matengenezo. Ndivyo gari lilivyosanifiwa, na kila nakala ya uaminifu inaurithi udhaifu huo pamoja na uzuri wake. Kwa vitendo: kwenye gari hili ukaguzi wa minyororo *ni* ukaguzi wa breki, na unastahili kipimo na saini, si macho.

Mafuta yanahitaji hesabu fupi nyingine. Gari linakadiriwa kutumia lita 10 kwa kilomita 100, hivyo kwa mwendo kamili ni kama kilo 1.1 kwa saa. Kugeuza petroli hiyo kuwa mvuke kunanyonya joto la wati mia hivi mfululizo. Kopo lenye kilo moja ya petroli, lisipopata joto kutoka popote, lingepoa zaidi ya nyuzi 40 kwa robo saa. Kwa kweli hewa ya nje na injini iliyo karibu vinalisaidia, ila siku ya nyuzi 11 msaada huo ni mdogo. Ndiyo ile "kuchoka" baada ya dakika kumi na tano iliyoonekana tangu jaribio la kwanza, wakati mafuta yalikuwa bado yale mazuri: chanzo kilikuwa kibomba kilichozibwa. Petroli ya kituo ikaongeza matatizo mawili juu yake. Ina sehemu nzito zinazochemka hadi karibu nyuzi 200, ambazo kopo hili haliwezi kuzigeuza mvuke, na ethanoli yake hunyonya joto zaidi ya mara mbili ya petroli inapovukizwa. Ubora wa oktani, ambao ndio unaolipiwa kituoni, hauna faida kwa injini yenye mbano usiofika 3 kwa 1.

Kilichofanya kazi vizuri tangu mwanzo kinastahili kutajwa: kulikuwa na daftari la vipimo. Milimita 35 ziliandikwa. Hazikumfikia mtu mwenye mamlaka ya kusema gari lisitoke, lakini bila daftari uchunguzi ungeishia kumlaumu dereva. Na uamuzi wa kupiga hesabu ya mlima kabla ya kukata puli uliokoa chuma, fedha na hadhi ya nakala yenyewe.

Mabadiliko yaliyofichwa ndiyo yaliyogharimu zaidi. Koili ya kisasa haikuleta shida yoyote, kwa sababu kila mtu aliijua. Mkanda uliopakwa rangi ufanane na ngozi, na kizibo kisicho na maandishi, vilimdanganya mtazamaji kwanza, kisha vikamdanganya fundi. Sasa chini ya kiti kuna kadi ya plastiki yenye safu tatu: sehemu, ilivyo kwenye gari la 1886, ilivyo hapa. Ina mistari kumi na moja.

Lililobaki mezani

Kikundi bado hakijakubaliana juu ya breki ya pili. Upande mmoja unataka vibao vya mbao vinavyogusa tairi za nyuma moja kwa moja, bila kupitia minyororo, na unakumbusha kuwa gari la Bertha Benz lilikuwa na vibao. Ndivyo alivyomwomba fundi viatu avipigilie ngozi njiani vilipolika. Upande wa pili unajibu kuwa lile lilikuwa Modeli ya tatu, na hii ni ya kwanza. Mpaka watakapoamua, gari haliruhusiwi kwenye mteremko unaozidi asilimia 4, liwe linapanda au linashuka, na msaidizi mwenye gogo anatembea nyuma yake.